Tulivyolipia Chuo Bila Kuuza Maksai

Ofisi ya ushauri ya shule yetu hapa Ilembo, Mpanda, ilikuwa stoo ya majembe kabla haijawa ofisi, na mkiniuliza mimi, haikuwahi kuacha kabisa kuwa stoo. Siku niliyoingia humo mara ya kwanza nilikuta benchi moja, meza ambayo mguu wake umefungwa kwa waya, na rundo la mipini ambayo hakuna mtu aliyekubali kuwa ni yake. Sasa nimestaafu, na mkuu wa shule ameniomba niwaandikie nyie mnaobaki namna tulivyokuwa tunaifanya ile kazi ambayo haimo kwenye silabasi yoyote: kumsaidia mzazi apeleke mtoto chuo bila kufilisika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Mnazijua, na hazichekeshi.

Nilifika Mpanda nikiwa msichana mwembamba kutoka Sumbawanga, mwalimu wa jiografia, nina begi moja na globu ya plastiki niliyoinunua mwenyewe. Aliyenipokea alikuwa makamu mkuu wa shule, Mwalimu Deusi, Mkonongo wa Inyonga, mtoto wa mrina asali, mtu mfupi mwenye sauti nzito isiyolingana na umbo lake. Aliichukua globu, akaizungusha, akaniuliza Inyonga iko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole mahali pasipo na jina lolote. Akaridhika.

"Basi utanifaa kule stoo," akasema.

Nilidhani ananituma nikahesabu majembe. Kumbe benchini alikuwa ameketi mzee mmoja wa kwao Inyonga, kofia magotini, ana furaha na hofu kwa pamoja. Kijana wake alikuwa amepata nafasi chuo cha kilimo. Nikafungua kinywa nimuulize uwezo wake ukoje, lakini Mwalimu Deusi akaniwahi.

"Mzee, kijana atalala wapi kule? Atakula nini? Atasafiri na nani?"

Wakazungumza asubuhi yote kuhusu kulala, kula na kusafiri, hadi ikagundulika kwamba binamu wa mzee ana nyumba jirani kabisa na chuo hicho, na kwamba waliacha kuzungumza kwa sababu ya baiskeli. Baiskeli ikasamehewa siku ile ile. Mzee alipoondoka, Mwalimu Deusi akanigeukia.

"Dada, usimuulize mzazi ana nini. Ataona aibu, halafu atakudanganya, na hakuna atakayefaidika. Uliza chuo kinataka nini, na kwa nini kinakitaka. Ada yenyewe hatuigusi, hiyo wamepanga wakubwa. Kazi yetu sisi ni yale yanayoizunguka."

Yale yanayoizunguka ndiyo yamekuwa kazi yangu tangu siku ile. Godoro la rangi fulani. Koti jeupe linalotakiwa kununuliwa duka fulani. Rimu za karatasi, ndoo, reki, panga. Hosteli na chakula. Fomu ya kujiunga inaandika neno "lazima", na mzazi wa kwetu akiliona neno lazima na mhuri pembeni, hamuulizi mtu. Anakwenda kuuza kitu. Nusu ya kazi yetu ilikuwa kumfikia kabla mnunuzi hajamfikia.

Chombo chetu kikuu kilikuwa simu, zilipoanza kuingia. Simu ya kwanza ya ofisi ilikuwa na spika dhaifu, na mimi nilitaka mzazi asikie kila kitu kwa masikio yake na aulize kwa mdomo wake. Nikaazima sufuria kubwa jikoni kwa mpishi wa shule, nikaweka simu ndani yake, sauti ikatoka kama ya mahubiri. Mama mmoja kutoka Kapalamsenga, muuza samaki wa migebuka, alikuwa wa kwanza kuitumia. Aliinama juu ya sufuria akapaza sauti: "Shikamoo baba! Hilo godoro jipya ni la nini? Mwanangu analo godoro lake, amelilalia tangu darasa la saba na halijalalamika!"

Kisha mhasibu wa chuo akauliza, "Samahani, mnapiga simu mkiwa kisimani?"

Alipomaliza kucheka akasema godoro lolote safi linakubalika. Yule mama alinyanyuka na kucheza kidogo pale ofisini. Aliporudi mara nyingine alituletea samaki, na kwa siku kadhaa wanafunzi wangu walikuwa wakikunja pua kila nilipofunua daftari la mahudhurio.

Mambo mengine tulijifunza polepole. Koti jeupe fundi wa sokoni Mpanda analishona vizuri kuliko la dukani, ilimradi umpe kipimo na usimpe malipo yote kwanza. Wahitimu wetu wakimaliza chuo wanaacha makoti na vitabu kwenye kabati letu, na wanaofuata wanachukua. Vyuo vingi vinakubali mzazi alipe kwa awamu, lakini lazima aombe mapema na aseme mavuno yake yanaingia mwezi gani. Ukiomba baada ya kudaiwa, unaonekana mkorofi, na ukiomba kabla, unaonekana mtu wa mipango. Ni mtu yule yule. Na mtoto akichagua vyuo, achague akiwa na ramani mbele yake. Hapo globu yangu haikusaidia, lakini jiografia ilisaidia sana.

Mwalimu Deusi alistaafu akarudi Inyonga kwenye mizinga yake, akaniachia funguo. Miaka iliyofuata niliyafanya mengi peke yangu, na sitayasimulia yote. Nitawasimulia moja, kwa sababu lilikuwa gumu kuliko mengine na ndilo linalonifurahisha hadi leo.

Asubuhi moja aliingia Mzee Masanja na binti yake Kabula. Mzee ni Msukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao bondeni Mpimbwe zamani, mtu mrefu, fimbo mkononi, mpole wa maneno. Kabula alikuwa amemaliza kidato cha nne shuleni kwetu, akiishi kwa shangazi yake hapa mjini, na alikuwa amepata nafasi ya kusomea utabibu katika chuo kimoja Tabora. Miaka mitatu. Wakati huo mikopo ya serikali ilikuwa ya wale wa chuo kikuu. Wa ngazi yake walijitegemea.

"Mwalimu, nimekuja kuaga tu," Mzee Masanja akasema. "Jambo nimeshalimaliza. Jumamosi nawapeleka maksai mnadani, mnunuzi yupo."

"Maksai wepi?"

"Wale wawili wa kulimia."

"Hakuna wengine?"

Akatabasamu. "Mwalimu na wewe! Watu wanadhani kila Msukuma ana zizi lililojaa. Ugonjwa ulipita, nimebaki na hao wawili na majike machache ya maziwa."

"Sawa. Mwaka wa kwanza utalipa kwa maksai. Mwaka wa pili utalipa kwa nini?"

"Kwa mahindi."

"Na mahindi utayalimaje?"

Mzee akatazama fimbo yake. Kabula akatazama dari. Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa shati kinyumenyume mbele za watu. "Ehee," akasema. "Hapo sikufika."

Ndipo mlango ukagongwa akaingia Mama Kredo. Yeye ni Mpimbwe wa upande wa Usevya, mkulima wa mpunga, mjane, mwanamke wa kanisani mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, kwa utaratibu huo huo. Kijana wake Kredo alikuwa darasa moja na Kabula na alipata nafasi chuo kile kile, upande wa maabara. Nilifurahi kumwona. Yeye aliponiona alifurahi pia, hadi alipomwona aliyekaa benchini.

"Nitarudi baadaye," akasema.

"Mama Kredo, benchi ni refu."

"Kwa huyu baba, Mwalimu, benchi haliwezi kuwa refu vya kutosha."

Nikaelezwa, na pande zote mbili zikinieleza kwa mpigo. Msimu uliopita ng'ombe wa Mzee Masanja walivunja zizi wakaingia kwenye mpunga wa Mama Kredo ukiwa umeshaanza kuinama. Walifikishana ofisi ya kata. Mzee alikiri, akatoa fidia kwa kadiri alivyoweza, kesi ikafungwa. Lakini kesi kufungwa ni jambo moja, na salamu ni jambo jingine. Tangu siku hiyo Mama Kredo hakuwahi kumsalimia.

Nilimwomba akae upande ule wa mbali, karibu na mipini. Akakaa. Nikaleta sufuria.

Aliyepokea simu alikuwa madamu wa hosteli, mwanamke mwenye sauti ya haraka. Nikamwambia nina wazazi wawili wa wanafunzi wapya. Mama Kredo akauliza kuhusu koti, Mzee Masanja akauliza kuhusu kulipa ada kwa awamu, tukajibiwa vizuri. Kisha nikauliza lile kubwa. Hosteli na chakula cha chuo, ukivijumlisha, vilikuwa vinashinda ada yenyewe.

"Hosteli ni lazima, madamu?"

"Ni lazima, Mwalimu. Hatutaki watoto wapange vyumba ovyo mitaani. Labda mwanafunzi awe anaishi na mlezi."

"Mlezi wa namna gani?"

"Mtu mzima ambaye familia inamwamini. Anayelala hapo nyumbani kila siku, siyo wa kuja kusalimia. Mimi mwenyewe nakwenda kumwona na kuiona nyumba. Nikiridhika, naruhusu."

Simu ikakatika. Nikawauliza kama wana ndugu Tabora. Mama Kredo hana. Mzee Masanja hana. Nikaanza kuwaza maneno ya kumfariji mtu anayekwenda mnadani.

"Bibi yupo," Kabula akasema.

"Bibi yupi?" baba yake akauliza.

"Mama yako, baba."

"Mama yangu yuko nyumbani."

"Ndiyo. Lakini anaweza kuwa Tabora."

Sijawahi kuona wazo likimwingia mtu taratibu kama lilivyomwingia Mzee Masanja. Mama yake, Bibi Minza, alikuwa na nguvu zake, alisema. Anakamua, anatwanga, anafukuza nyani shambani kwa mdomo tu. Tangu wajukuu waende shule, analalamika kuwa nyumbani hakuna mtu wa kugombana naye. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Lakini Tabora kuna Wanyamwezi, na Msukuma na Mnyamwezi wakikutana hawahitaji mkalimani.

"Ila nyumba ya kupanga," akasema, "peke yangu siiwezi."

Sote watatu tukamtazama Mama Kredo. Alikuwa anaitazama mipini.

"Msinitazame," akasema. "Mwanangu akakae nyumba moja na watu ambao ng'ombe wao..." Hakumaliza. Akafungua khanga yake akaifunga upya, na mkiona mama anafunga khanga upya, nyamazeni, kuna hesabu zinapigwa. "Nitakwenda kumwona huyo bibi kwanza," akasema. "Simpi mtu mwanangu kwa kusikia. Na Mwalimu utanisindikiza, ili nikisema hapana kuwe na shahidi."

Tulikwenda wiki ile ile, mimi na yeye kwa basi hadi Usevya, halafu bodaboda moja kwa wote wawili hadi nyumbani kwa Mzee Masanja. Njiani Mama Kredo alinionyesha mashamba yake. Alinionyesha pia lile lililoliwa, na akamwomba dereva apunguze mwendo ili nilione vizuri.

Tulimkuta Bibi Minza uani. Nilitegemea kikongwe, nikamwona mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, ameshika kibuyu cha maziwa anachokitikisa ili apate samli, na hakuacha kukitikisa wakati akitusalimia. Alimtazama Mama Kredo kuanzia viatu hadi kilemba.

"Ni wewe uliyeliwa mpunga?" akauliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa umekaribia?"

"Ulikuwa umeshainama, mama. Ulikuwa umebakiza jua kidogo tu."

Bibi Minza akaacha kutikisa kibuyu. Akakiweka chini. Akasema kwa Kisukuma maneno mengi na mazito kumwelekea mwanawe, Mzee Masanja, mtu mzima mwenye mvi, ambaye alisimama akiyapokea kama mtoto aliyevunja mtungi. Kisha akamgeukia mgeni na kusema kwa Kiswahili, akilitafuta kila neno:

"Ng'ombe wetu walikula chako. Mimi nitampikia wako."

Mama Kredo alikuwa amekuja na maneno yake tayari. Niliona yakimponyoka. Akauliza kitu kidogo tu, cha kuzuia machozi:

"Unajua kupika wali, mama?"

"Ugali najua. Viazi najua. Wali," Bibi akacheka, "wali unanishinda, unakuwa uji."

"Basi lete sufuria," Mama Kredo akasema, akavua viatu.

Mchana ule tulikula wali. Mama Kredo alitoa mchele wake mwenyewe kwenye mkoba. Alikuwa ameubeba kutoka nyumbani, na nilipomuuliza kwa nini mtu anayekuja kukataa anabeba mchele, aliniambia nile. Alimwonyesha Bibi namna ya kupima maji kwa kidole, namna ya kupunguza moto, namna ya kufunika na kuacha kuchungulia. Bibi alichungulia. Akapigwa kofi mkononi. Mzee Masanja na mimi tukatazamana.

Baada ya kula tukapanga. Mama Kredo atatoa mchele na maharage ya nyumba ya Tabora. Mzee Masanja atatoa mahindi na samli. Kodi ya nyumba watagawana. Kisha Mzee Masanja, ambaye kutwa nzima alikuwa msikilizaji, akasafisha koo.

"Mama Kredo. Wewe unalima kwa jembe la mkono?"

"Kwa mkono. Na vibarua nikipata."

"Maksai hawauzwi tena. Mvua ikianza, wataanzia kwako. Mashamba yako yote, kabla ya yangu. Miaka yote mitatu."

Mama Kredo akamtazama. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu ule mpunga, akamsalimia. "Habari za toka asubuhi, baba Kabula," akasema, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Tulicheka hadi Bibi Minza akauliza tunacheka nini, na alipoelezwa akacheka peke yake, nyuma yetu, kwa muda mrefu kuliko sisi.

Waliondoka kwa treni. Nilikwenda stesheni ya Mpanda kuwaaga: Kabula na Kredo na mabegi yao, magunia ya mchele na mahindi yaliyokatiwa stakabadhi ya mizigo, na Bibi Minza na kibuyu chake, maana alisema Tabora hawezi kujua kama wana vibuyu. Hakuwahi kupanda treni. Aliingia behewani akaanza kumwamkia kila abiria, kiti kwa kiti, "Mwangaluka, mwangaluka," na mwisho wa behewa watu walikuwa wanamwitikia kabla hajafika. Mama Kredo alilia kidogo, akasema ni vumbi.

Madamu wa hosteli alikwenda kuiona nyumba kama alivyosema. Alinipigia simu baadaye. "Mwalimu, nilimuuliza bibi yenu ataweza kuwasimamia vijana wa chuo? Akaniuliza mimi nimezaa wangapi. Nikamwambia mmoja. Akanikaribisha ndani, akaniambia nisiwe na wasiwasi, nitajifunza."

Sitawadanganya kwamba hakukuwa na shida. Mwaka wa pili mvua ilikatika mapema, mpunga wa Mama Kredo ukatoka kidogo, na kwa wiki kadhaa sikulala vizuri, nikiona nyumba ile inavunjika watoto wakiwa katikati ya safari. Mama Kredo alikuja ofisini, akakaa benchini bila kusema utani wowote, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

"Mwalimu, sitaki yule mama anilishie mtoto peke yake," akasema. "Mahindi ya baba Kabula yenyewe hayatoshi. Nimrudishe Kredo?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Nilimpigia Mwalimu Deusi huko Inyonga. Nikamweleza. Nikasikia nyuki nyuma yake, au labda ilikuwa laini mbovu.

"Nyumba ina vyumba vingapi?" akauliza.

"Vitatu, na kimoja ni cha kuwekea magunia."

"Ambayo sasa hayapo."

"Hayapo."

"Dada, mimi hapa nina wazazi wawili wanahangaika na hosteli ya chuo hicho hicho. Wana karanga, wana asali, mahindi yao yametoka vizuri. Wanachokosa ni bibi."

Kwa hiyo wasichana wawili wa Inyonga wakahamia chumba cha magunia. Kodi ikagawanywa kwa familia nne badala ya mbili, chakula kikarudi mezani. Mama Kredo alipopata habari aliniambia nimshukuru sana Mwalimu Deusi, halafu akanikumbusha kwamba mchele wake ndio bado ulio bora. Utani ulikuwa umerudi. Nikalala.

Taarifa za nyumba ile tulizipata kwa simu, na wazazi walizoea kuja ofisini Ijumaa kuzisikiliza. Bibi Minza aliwaamsha wanafunzi alfajiri kwa kugonga sufuria. Alikataza mtu kula kabla hajaeleza alichojifunza siku hiyo, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kinakua, walilazimika kumweleza kwa maneno mepesi. Kredo aliniambia mtihani wa malaria aliufaulu jikoni, akimweleza Bibi kwa nini wadudu wa ugonjwa huo hawaonekani kwa macho, na Bibi akikataa, na yeye akirudia hadi Bibi alipokubali. Wanafunzi wa hosteli walianza kuja jioni kula na kujibu maswali. Madamu alijifanya haoni.

Siku ya mahafali Mzee Masanja na Mama Kredo walikwenda Tabora pamoja. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusimamia, sikuweza. Walinisimulia wote wawili, wakikatizana. Kabula alivaa joho, Kredo alivaa joho, na Bibi Minza alivaa kitenge kipya akaketi mstari wa mbele. Mtu wa itifaki alimfuata akamwambia kwa heshima kwamba viti vile ni vya wahitimu.

"Ndiyo," Bibi akajibu. "Na mimi nimemaliza mwaka wa tatu."

Wakamwacha hapo.

Leo Kabula anatibu watu kituo cha afya huko huko bondeni, na Kredo yuko maabara hapa Mpanda. Mkipimwa damu na kijana anayewaeleza kila kitu mara mbili, ndiye huyo. Lakini Bibi Minza hakurudi nyumbani. Wasichana wa Inyonga walikuwa hawajamaliza, alisema. Wakamaliza, wakawa wamekuja wengine. Mzee Masanja alikuja ofisini kunishtakia, ingawa macho yake yalikuwa yanacheka.

"Mwalimu, nilikuazima mama yangu kwa miaka mitatu. Sasa yeye ana kazi mjini, na mimi ndiye ninayetikisa kibuyu."

Nilipostaafu, watu waliniuliza kama nitarudi Sumbawanga nikapumzike. Nikasema nitapumzika, ila kwanza nataka kuona kitu. Nikapanda treni hadi Tabora. Sikuwa nimewahi kuiona ile nyumba, miaka yote hiyo nikiisikia kwenye sufuria tu.

Niliipata kwa urahisi, dereva wa bodaboda aliniuliza, "Kwa Bibi wa chuo?" na hakusubiri jibu. Ni nyumba ya kawaida, bati, ua wa mabanzi. Uani vijana walikuwa wameketi kwenye mikeka na vitabu, mmoja akisoma kwa sauti kuhusu mifupa ya mkono, mwingine akijishika mkono wake mwenyewe kuhakikisha. Jikoni kulikuwa na harufu ya wali unaokaribia kuiva. Bibi Minza alitoka, amepungua kidogo, amepinda kidogo, macho yale yale. Nilipiga goti nikamwamkia. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili akaniuliza hali ya Mpanda, ya treni, ya mvua, ya Mwalimu Deusi na nyuki wake.

"Na kazi?" akauliza.

"Nimestaafu, Bibi. Sasa sina kazi."

Alinitazama kama mtu aliyesikia jambo ambalo litarekebishwa.

"Vitunguu vile pale," akasema. "Kisu kiko juu ya pipa. Kata vyembamba, leo tuko wengi."

Nikaweka begi chini, nikavua viatu, nikakaa.